Bima ya afya ikikataa kulipa, au jina lako likikutwa kwenye madai hewa: mwongozo kamili kwa Dodoma na kanda ya kati

Kabla hujaandika barua, hujamtafuta wakili na hujampigia simu yule unayemfahamu ofisini, amua kwanza shauri lako ni la aina gani. Upande mmoja kuna fao lililokataliwa: ulistahili huduma au kurejeshewa fedha, ukaambiwa hapana. Upande wa pili kuna udanganyifu: mtu amedai fedha kwa huduma isiyotolewa, au ametumia kadi isiyo yake. Fao lina milango yake, yaani mfuko wenyewe, msuluhishi na mahakama ya madai. Udanganyifu una milango mingine: TAKUKURU (taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa), polisi na mabaraza ya taaluma. Anayepeleka fao lililokataliwa TAKUKURU husubiri miezi uchunguzi ambao hata ukikamilika haumrudishii shilingi. Na anayekwenda kulalamika dirishani kuhusu madai hewa amempa mhusika nafasi ya kusafisha jalada.

Mtu wa kanda ya kati ana nafuu moja. Makao makuu ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ya TAKUKURU na ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) yako Dodoma mjini, na Mahakama Kuu ina kanda yake hapo hapo. Anayetoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni anaweza kumaliza ofisi tatu kwa safari moja, mradi aje na nakala za kutosha. Njoo na seti nne: moja ya ofisi, moja ya kugongewa muhuri urudi nayo, moja ya wakili na moja ya kubaki nyumbani.

Bima uliyonayo ni ipi?

Swali linaonekana jepesi, lakini mashauri mengi hukwama hapa. NHIF iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 (Sura 395) na ikaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake na nusu ya mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 900,000 hukatwa 27,000, mwajiri anaongeza 27,000, na jumla inayotakiwa kufika kwenye Mfuko ni 54,000 kila mwezi. Shika hesabu hiyo, utaihitaji hapo chini.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ni kitu kingine. Ilijengwa juu ya mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na migogoro yake mingi ni ya rufaa: mgonjwa ameruka zahanati na kituo cha afya, amefika hospitali kubwa bila barua ya rufaa, ametozwa taslimu. Fedha hiyo kurudi ni vigumu. Bima ya kampuni binafsi ni mkataba, na kila kitu kimo ndani ya mkataba huo.

Kuna na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao watu husahau kabisa. Ukiumia kazini, au ukaugua kwa sababu ya kazi, gharama hizo ni za WCF. Fundi aliyeanguka kwenye jengo Iyumbu akatibiwa kwa kadi yake ya NHIF kama mgonjwa wa kawaida amejipunja mara mbili: hapati fidia ya ulemavu, na siku akija kudai, jalada la hospitali halisemi popote kwamba aliumia kazini. Mwambie daktari aandike hivyo siku ya kwanza, mwajiri atoe taarifa, na dai lifike WCF ndani ya miezi 12.

Karatasi za siku ile ile

Mashauri haya huamuliwa na karatasi zilizoandikwa siku ya matibabu. Ushahidi wa mdomo wa miezi minane baadaye, hata wa mtu mkweli, husikika kama hadithi mbele ya fomu yenye saini. Kwa hiyo hapa usiwe mvivu.

Fomu ya madai, ile ambayo wengi wanaijua kama 2A/B, ndiyo roho ya shauri. Ina namba ya kadi, tarehe, ugonjwa, vipimo, dawa, bei, jina la mtoa huduma na saini ya mgonjwa. Saini yako maana yake ni moja: nimepata vyote vilivyoandikwa hapa. Usisaini fomu tupu. Usisaini mapokezi kabla hujamwona daktari, hata ukiambiwa foleni ni ndefu. Baada ya kupokea dawa, soma mstari kwa mstari. Dawa ambayo haikuwepo ikatwe kwa kalamu, kisha ndipo usaini. Piga picha ya fomu kwa simu. Mhudumu akikukatalia picha, andika kwenye daftari tarehe, saa, dirisha na ulichopokea. Maandishi ya siku hiyo hiyo yana uzito hata yakiwa kwenye daftari la shule la mtoto.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, huchapwa kwa joto, na kwa joto hufutika. Ikikaa wiki tatu kwenye mfuko wa shati au kwenye dashibodi kwa jua la Dodoma, inabaki karatasi nyeupe. Itolee fotokopi siku hiyo hiyo, pini nakala na risiti yenyewe pamoja, na nyuma ya nakala andika ililipia nini. Stakabadhi ya hospitali ya serikali huwa na namba ya malipo. Nakili namba hiyo pembeni, kwa kuwa ndiyo inayotumika kutafuta muamala kwenye mfumo.

Ongeza barua ya rufaa, cheti cha dawa, majibu ya vipimo, fomu ya kuruhusiwa wodini yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka, na hati za mshahara za miezi 3 hadi 6 kabla ya tukio. Kama huna majibu au muhtasari wa matibabu, yaombe kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kufikia taarifa zako. Omba pia ofisi ya bima ya mkoa ikupe orodha ya huduma zilizodaiwa kwa namba ya kadi yako kwa kipindi unachokitaja. Orodha hiyo ndiyo mara nyingi humwonyesha mtu kwamba alilazwa siku ambazo alikuwa shambani.

Fao likikataliwa

Kwanza pata sababu kwa maandishi. "Mfumo umegoma" si sababu. Sababu za kweli hazizidi tano au sita: mchango haukufika, huduma haimo kwenye kitita cha mafao (orodha ya huduma ambazo bima hulipia), hakukuwa na rufaa, kibali maalumu hakikuombwa kabla ya huduma, mtegemezi amepita umri au hakusajiliwa, au kituo hakina mkataba na bima yako. Kila moja ina dawa yake, na kuandika barua ya jumla ya kulalamika ni kujichelewesha.

Sababu ya mchango ndiyo inayouma zaidi. Mwajiri anakata kwenye mshahara, hapeleki, kadi inafungiwa, na mtumishi anagundua mtoto akiwa na homa usiku. Chukua hati za mshahara, piga hesabu ya asilimia kama ilivyo hapo juu, kisha omba ofisi ya bima taarifa ya michango yako kwa miezi hiyo hiyo. Ziweke pamoja. Miezi inayoonekana kwenye hati ya mshahara bila kuonekana kwenye taarifa ya michango ndiyo deni. Peleka kwa mwajiri kwa barua, nakala kwa mkaguzi wa Mfuko. Gharama ulizolipa taslimu kwa sababu ya uzembe huo unaweza kumdai mwajiri, na kwa madai ya kikazi yasiyo ya kuachishwa kazi, muda wa kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ni siku 60.

Sababu ya kitita inahitaji uangalifu. Kitita cha NHIF kilibadilishwa kuanzia 1 Machi 2024, na mabadiliko hayo yalizua mvutano na hospitali binafsi, baadhi zikasitisha huduma kwa wanachama. Kwa hiyo uliza: siku uliyotibiwa, kitita kilichokuwa kikitumika ni kipi? Mtu huweza kukataliwa kwa orodha ya leo wakati alitibiwa chini ya orodha ya zamani.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Mfano wa mwili wake:

"Yah: Kuomba mapitio ya uamuzi wa kukataa fao. Mimi ni mwanachama mwenye kadi namba ……. Tarehe …… nilitibiwa katika kituo cha …… kwa ……. Nililipa taslimu shilingi …… kwa stakabadhi namba …… baada ya kuambiwa kwamba ……. Uamuzi huo si sahihi kwa sababu (a) …… (b) ……. Naomba (i) nirejeshewe shilingi ……. Au (ii) nipewe sababu za kukataliwa kwa maandishi, zikitaja kifungu cha mkataba au cha kitita kinachotumika. Naomba majibu ndani ya siku 21. Viambatisho: 1 hadi 6."

Siku 21 si za sheria. Ni za kukufanya uwe na tarehe ya kurudi. Barua iingie masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri, mbele ya hakimu, haikuandikwa. Na neno "naomba nionewe huruma" liache nyumbani: ukiliandika umekubali kwamba huna haki.

Mlango wa pili

Kama bima ni ya kampuni binafsi na imekataa kwa barua ya mwisho, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima (Sura 394). Atakuuliza kwanza kama ulimalizana na kampuni, ndiyo maana barua ile ina thamani. Kampuni hujitetea kwa mambo mawili hasa: ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima, na kipindi cha kusubiri, yaani muda wa mwanzo ambao bima bado hailipi. Dhidi ya la kwanza, hoja yako ni fomu ya maombi. Uliulizwa nini, na ulijibu nini? Wakala akikujazia fomu na kuandika "hapana" kila mahali, saini ni yako na mzigo ni wako. Isome kabla hujaisaini.

Kama unayemdai ni chombo cha umma kama NHIF, halmashauri au hospitali ya serikali, kuna mtego unaoangusha mashauri mengi kabla hayajasikilizwa. Kwa Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali (Sura 5), iliyopanuliwa mwaka 2020 kugusa pia mashirika ya umma na serikali za mitaa, lazima utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, yenye chanzo cha madai na nafuu unayoomba, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Ukifungua siku ya 85, limekufa. Ukifungua Mahakama ya Wilaya, limekufa. Unaweza kuanza upya, lakini gharama za wakili wa serikali huweza kukuangukia.

Sasa pima. Kwa dai la shilingi 400,000, Mahakama Kuu ni kutumia nyundo kuua mbu. Dai la namna hiyo lipeleke Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kama lalamiko la uendeshaji mbaya, au komaa na barua ngazi kwa ngazi. Mahakama iwe kwa madai makubwa, ya upasuaji au ulemavu. Huko, kila shilingi ya fidia mahsusi (fedha hasa uliyotumia au kupoteza) lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa stakabadhi. Isiyo na karatasi haihesabiwi. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, na wa madhara uliyotendewa nje ya mkataba, kama uzembe, ni miaka 3. Ukitaka mahakama itengue uamuzi wa chombo cha umma badala ya kukulipa, kibali cha mahakama cha kufungua shauri hilo kiombwe ndani ya miezi 6.

Udanganyifu unavyofanywa

Ukijua mbinu utajua cha kutafuta kwenye orodha ya madai. Ya kawaida kabisa ni kuazimana kadi: shangazi anaumwa, kadi ni ya binamu. Watu huiona kama undugu. Kwa sheria ni kujifanya mtu mwingine, na ina hatari ya tiba pia, maana damu ya shangazi sasa imeandikwa kwenye jalada la binamu. Kuna kuandikisha mtegemezi kwa cheti cha kuzaliwa au cha ndoa kisicho halali. Kuna mwanachama anayechukua dawa na kubadilishiwa fedha au bidhaa dukani.

Upande wa kituo kuna siku za wodi zilizoongezwa, vipimo visivyofanyika kujazwa kwenye fomu, ugonjwa mdogo kuandikwa mkubwa ili bei ipande, huduma moja kukatwa vipande vitatu na kudaiwa mara tatu, dawa ya gharama kuandikwa huku mgonjwa akipewa ya kawaida. Hizi huonekana kwa kulinganisha: rejesta ya maabara na fomu ya madai, leja ya dawa na cheti, ratiba ya zamu na saini ya daktari. Fomu 30 za siku moja zenye mwandiko mmoja wa saini za wagonjwa hazihitaji mtaalamu.

Lakini angalia. Si kila kosa ni wizi. Msimbo uliokosewa, tarehe iliyopitiliza usiku wa manane, fomu isiyo na saini kwa sababu mgonjwa alizimia: hizo Mfuko huzimaliza kwa makato kwenye malipo ya kituo. Jinai inahitaji nia, na nia huonekana kwenye marudio.

Kutoa taarifa

Andika mambo ya uhakika tu: tarehe, kituo, namba ya kadi, kilichodaiwa, kisichofanyika, na ushahidi uko wapi. Usiandike "wezi". TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure 113 na kwenye ofisi za mikoa na wilaya. Nakala kwa Mfuko. Kama ni daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi na mfamasia wana mabaraza yao. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inakulinda ukitoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Haikulindi ukirusha majina kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Huko unajitafutia kesi ya kashfa, na umewatahadharisha wahusika.

Usichomoe mafaili ya wagonjwa na kwenda nayo nyumbani. Nyaraka halisi zibaki zilipo, wewe eleza zilipo. Ujumbe wa simu uhifadhiwe kwenye simu yenyewe, maana mahakama itauliza umeutunzaje tangu siku ya kwanza.

Ukituhumiwa wewe

Barua ya kujieleza ikija, jibu kwa wakati, lakini baada ya kuomba nakala za fomu unazotuhumiwa nazo. Kujibu kwa kukumbuka ni kujifunga. Mwandiko si wako? Sema, na uombe ulinganishwe na mtaalamu. Ulikuwa likizo? Ambatisha barua ya likizo na ratiba ya zamu. Nywila yako ya mfumo ilitumiwa na wenzako? Hili ni gumu, ndiyo maana nywila haipaswi kuachwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya kompyuta.

Ukishawishiwa "rudisha tu hela yaishe", tahadhari. Fedha iliyorudishwa bila maandishi husomwa baadaye kama kukiri. Kama unarudisha, iwe kwa namba ya malipo ya serikali, na barua ieleze kwamba malipo hayo si kukiri kosa.

Ukikamatwa, una haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu kabla ya maelezo ya onyo (maelezo yako yanayoandikwa ukiwa mtuhumiwa), na muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini. Mashtaka ya kawaida ni kughushi, kutoa hati ya uongo, kujipatia fedha kwa udanganyifu na kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri. Yakiongezwa ya kuisababishia mamlaka hasara, shauri linaingia kwenye uhujumu uchumi (Sura 200) na linahitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Likiongezwa la utakatishaji fedha, dhamana hakuna. Ndiyo sababu wakili atafutwe mapema, kabla hati ya mashtaka haijakaa sawa. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka. Yawe kwa maandishi, na usiyaingie bila wakili.

Kazini, sheria ya ajira (Sura 366) inamzuia mwajiri kukuadhibu au kukuachisha kwa kosa lile lile ulilofunguliwa kesi ya jinai hadi mahakama imalize. Wa sekta binafsi aliyeachishwa ana siku 30 za kufika CMA. Mtumishi wa umma haendi CMA kwanza. Rufaa yake ya nidhamu huenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45.

Ukitiwa hatiani na mahakama ya chini, taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya hukumu hazihesabiwi, kwa hiyo iombe kwa barua siku hiyo hiyo na utunze nakala yenye muhuri. Kabla ya kunukuu kifungu chochote kwenye rufaa, hakikisha unatumia Toleo la Marejeo la mwaka 2023, lililoanza kutumika 1 Julai 2025: namba za vifungu vingi zimehama, na nakala za zamani bado zinauzwa. Asiye na fedha za wakili aanzie kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, akiwa na kitambulisho, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa na zile nakala nne.